Funga Kikapu, Mama

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa mtu wa mwisho kuonana na wateja wa supamaketi moja mjini Kisii kabla hawajatoka nje. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Maduka ya kujichukulia bidhaa mwenyewe yalikuwa bado mageni kwetu, na mwenye duka aliamini kwamba mtu akiachwa peke yake na rafu, mkono lazima umwashe. Ndiyo maana akaniajiri. Nilipewa shati la rangi ya udongo, kofia, kalamu nyekundu na spoki ya baiskeli. Kalamu ilikuwa ya kuchora mstari kwenye risiti. Spoki ilikuwa ya kuchokora vikapu.

Nitasema ukweli hata kama unanichoma: kazi hiyo niliipenda. Mteja alikuwa amekwisha kulipa na risiti yake anayo mkononi, lakini hatoki mpaka mimi nimesema. "Risiti," namwambia, bila hujambo wala asante. Nikiisha kuisoma nafunua kikapu, natia spoki kati ya mboga alizonunua kwingine, nachokora mpaka chini. Akina mama walinyamaza na kutazama kando. Sikuwahi kumkamata mwizi hata mmoja kwa spoki ile. Nilichotoboa ni pakiti mbili za unga na nyanya za watu, na sikuomba radhi.

Tena sikumkagua kila mtu. Hakuna aliyeniambia nani apite, nilijua mwenyewe. Mwenye tai alipita. Mwalimu mkuu alipita, mchungaji alipita, karani wa benki alipita na brifkesi ambayo ingemeza makopo matatu ya maziwa ya unga na kubaki na nafasi. Mtu akinisemesha Kiingereza nilimfungulia mlango kwa mikono miwili. Waliosimamishwa ni wenye vikapu, leso kiunoni na matope ya shamba kwenye viatu, yaani watu kama mama aliyenizaa. Leo nikikumbuka hasira hunipanda, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo nilioa msichana wa Nyaramba, binti wa watu wa majani chai na Sabato. Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, wazee waliniuliza nafanya kazi gani. Nikawajibu kwamba niko katika duka kubwa Kisii, upande wa usalama wa mali. Neno "usalama" liliwapendeza sana. Mama mkwe alikuwa jikoni na hatukuonana uso kwa uso, kama inavyotakiwa.

Hapo lazima nieleze kidogo. Kwetu Gusii kuna adabu iitwayo chinsoni, na haichezewi hata kidogo kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe simpi mkono. Sikai naye benchi moja. Nikikutana naye njiani nasogea pembeni na kutazama majani. Kitanda chake na nguo zake, hata zikiwa zimeanikwa juani, macho yangu hayana ruhusa nazo. Si uadui, ni heshima, na mtu akiivunja hawi yeye peke yake mwenye aibu. Nyumba mbili huaibika pamoja naye. Mimi na mke wangu tuliishi Kiogoro, na salamu zote za mama mkwe zilinifikia kupitia kwa binti yake.

Basi, ikaja siku moja ya soko. Mchana mvua ilishuka, na mvua ya Kisii haina mzaha. Kufikia saa tisa watu walikuwa wamesongamana mlangoni wakingoja ipungue. Wiki iliyotangulia makopo ya mafuta ya kupikia yalikuwa yamepotea rafuni, kwa hiyo siku hiyo mwenye duka mwenyewe alisimama nyuma yangu kuhakikisha sisinzii. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale mjini, na Ekegusii alikisema vizuri kuliko vijana wetu waliorudi kutoka Nairobi. Mke wake alikaa kwenye keshi.

"Risiti," nilisema, macho chini kama kawaida yangu.

Mbele yangu zilisimama raba za buluu. Nilizijua. Nilizinunua mimi, nikampa mke wangu ampelekee mamake. Sikuthubutu kuinua macho kupita kikapu alichoshika. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa amewaaga majirani Nyaramba asubuhi ile akisema kwamba akishauza ndizi zake sokoni Daraja Mbili, sukari atanunua katika duka la mkwe wake. Alidhani niko ofisini, nyuma ya meza. Akanikuta mlangoni na spoki mkononi.

Kikapu chake kilijaa hadi mdomoni. Juu niliona sukari, sabuni na kiberiti. Chini kulikuwa na vitu vya kutoka sokoni, na pale Daraja Mbili, baada ya ndizi, kuna mitumba. Kila mtu anajua kwamba mwanamke akipita mitumbani hununua pia vya kuvaa ndani. Nikageukia ukuta na kusema kwa Ekegusii, polepole, "Pita, mama."

"Huyo hujaangalia," mwenye duka akasema nyuma yangu.

"Nimeona risiti, bosi."

"Risiti si kikapu. Angalia ndani."

"Bosi, huyu ni mama mkwe wangu."

Mzee mmoja aliyekuwa akijikinga mvua akasema, "Yaaye!" na kutoka kibarazani, akaona heri kulowa kuliko kushuhudia.

Mwenye duka aliijua chinsoni kama sisi, lakini siku hiyo moyo wake ulikuwa kwenye makopo yaliyopotea. "Kila mtu hapa ako na mkwe," akasema. "Kesho mafuta yangu yote yatatoka na wakwe. Angalia hiyo kikapu, ama uvue hiyo shati."

Hapo nilibanwa kweli. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Nikasema potelea mbali, acha nilivue. Mkono ulipofika kwenye kifungo cha juu nikakumbuka kwamba kubaki kifua wazi mbele ya mama mkwe ni aibu ileile niliyokuwa naikimbia. Siwezi kutii, siwezi kuacha kazi. Nikasimama na kifungo changu kama mjinga.

Aliyejaribu kunitoa pale ni mke wa mwenye duka. Mara nyingi nilikuwa nimemwona akivuta ncha ya sari kufunika kichwa kila baba mkwe wake aliposhuka ngazi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Aliacha keshi akaja. "Mama," akasema kwa upole, "kuja hapa nyuma. Mimi nitaangalia. Ni sisi wanawake tu, mkwe yako hataona kitu."

Nilimwona mwanamke huyo ana akili kuliko sisi wote, na nikaona mambo yamekwisha.

"Hapana," mama mkwe akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti. Aliongea Kiswahili, ili kila mtu pale asikie. "Mimi sikatai kwa sababu ya mkwe. Nakataa kwa sababu nimelipa. Hii karatasi ni wewe umenipatia na mkono yako. Imesema sukari, nimelipa. Imesema sabuni, nimelipa. Unataka kuona nini ingine?"

"Ni sheria ya duka, mama," mwenye duka akasema.

"Sheria ya duka ni ya vitu ya duka. Hii sasa ni yangu. Kama umeniona nikiiba, sema ni nini nimeiba, na uite polisi. Nitangoja. Kama hujaona, toka kwa mlango."

Sijui kama ni shetani au ni Mungu aliyemleta karani wa benki dakika ileile. Alikuja na mwavuli na brifkesi yake, akasema Kiingereza chake cha kuomba njia, na mkono wangu, kabla sijaufikiria, ukamfungulia mlango. Akapita. Nilikuwa bado nimeushika mlango wakati mama mkwe alipouliza.

"Na huyo? Hiyo sanduku yake haiwezi kubeba mafuta?"

Watu wakacheka. Kisha mwanamke aliyekuwa nyuma ya mama mkwe akaacha kucheka. "Ni kweli," akasema. "Mimi kila siku nafunguliwa, na huyo sijawahi kuona akifunguliwa." Mwingine akadakia kwamba alitobolewa unga, akanionyesha kwa kidole. Mama mkwe akatua kikapu chake katikati ya mlango, akaketi kando yake juu ya gunia la kupangusia miguu, akanyoosha raba za buluu mbele. Hatoki, hafungui. Na maadamu yeye hatoki, hakuna aliyetoka.

Ndipo nilipopata la kufanya. Niliichukua spoki, nikaikunja gotini mara mbili, nikamwekea mwenye duka mkononi. "Shati nitaleta kesho, bosi," nikasema. "Ikiwa imefuliwa."

Mke wake akamwambia jambo kwa lugha yao, maneno machache tu, naye akasogea kando, akaacha mlango wazi. Mgala muue na haki umpe: hakumgusa mama yule, hakumtukana, na polisi hakuita. Mama mkwe akainuka, akajitwisha kikapu chake kikiwa kimefungwa vilevile alivyokuja nacho, akaingia mvuani. Hakunitazama. Mpaka leo sijui chini ya kikapu kile kulikuwa na nini, na sitaki kujua.

Kesho yake nilipeleka shati, limefuliwa na kupigwa pasi. Mwenye duka alilitazama, akanirudishia. Alisema mambo ya wakwe anayaelewa, hasira za jana ziishe, na mama mkwe wangu akija tena apite bila kuulizwa. Akanipa spoki nyingine. Nilishukuru mbio mbio, nikalivaa shati likiwa bado na mikunjo ya pasi. Jioni nilijisifu kwa mke wangu mpaka akachoka: nilivyogeuka ukutani, nilivyokunja chuma kwa goti kwa ajili ya mamake. Kwangu shauri lilikuwa limekwisha. Mama mkwe amepata heshima yake, mimi nimebaki na kazi yangu, na siku zilizobaki za wiki ile nilichokora vikapu kama zamani.

Sabato ile mke wangu alikwenda kusali na wazazi wake Nyaramba. Akarudi Jumapili na mkungu wa ndizi na ujumbe.

"Mama anasema asante kwa kugeukia ukuta," akaniambia. Nikatabasamu. Alikuwa akimenya ndizi na hakuinua kichwa. "Anauliza pia, wale mama wengine wote uliochokora vikapu vyao, wao si mama wakwe wa mtu?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo nilifundishwa darasa la tano na nikaandika mtihani juu yake, nikapata alama nzuri.

Jumatatu asubuhi niliacha spoki chini ya kaunta. Mwenye duka alikuwa kwenye keshi na macho yake kwangu. Kufikia saa sita nilikuwa nimemwaga unga, safari hii kweli, kwa sababu nilimwambia kwamba nitafungua brifkesi na vikapu vyote au sitafungua chochote, naye hakutaka kuwaudhi wenye brifkesi. Tulihangaika miezi mingi, mtoto akazaliwa tukila mboga za kuombaomba kwa majirani, na sijutii.

Ninachojutia ni mteja wa kwanza wa asubuhi ile. Alikuwa mama wa makamo mwenye leso, sijui wa wapi. Kabla hajanifikia alikuwa amekwisha kufunua kikapu chake, amekiinamisha upande wangu na kugeuza uso, kama nilivyomzoeza mimi mwenyewe kwa miaka miwili.

"Funga kikapu, mama," nikamwambia. "Umelipa."

Hakuniamini. Alibaki amekishika wazi, uso kando, akiingoja spoki.