Kengele na Maji ya Bondeni

Mji mzima ulimwita Kengele, kwa ile sauti yake. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani na gari la idara ya maji, kipaza sauti juu, akitangaza maji yatakatika lini. Bomba la mafuta lilipopasuka na mto ukageuka mweusi, idara ilimpa tangazo jipya: "Maji ya bomba ni salama. Msiwe na wasiwasi."

Alilirudia mpaka koo likamkauka. Watu walimtazama tu, kisha wakaenda kutafuta maji ya madumu. Hata nyumbani kwake kilimani, mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia bintiye aliyejifungua, alikataa kumwogesha mjukuu kwa maji ya bomba.

"Baba, umeyaona yakipimwa?"

"Sijayaona, mama. Wakubwa wamesema."

"Mto ulipoanza kunuka, wakubwa hao hao walisema ni tope. Mjukuu wangu haogi maneno."

Asubuhi Kengele alikwenda moja kwa moja maabara kumwuliza mpimaji wa idara, dada mmoja asiyependa porojo.

"Kilimani ni safi, nimepima mwenyewe," dada akasema. "Bondeni bado sijui. Nimemwambia meneja, anaogopa watu wataingiwa na hofu."

Wakaenda wote wawili kwa meneja.

"Bosi, hofu imeshaingia, imekaa, imekunja na miguu," Kengele alisema.

"Na mficha maradhi kifo humuumbua," dada akaongeza.

Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishowe akasema, "Haya. Semeni mnachokijua. Msichokijua, semeni hamkijui."

Kengele akatangaza mtaa kwa mtaa: kilimani watumie, bondeni wasiyanywe kwanza, lori la maji linakuja. Alitegemea kuzomewa. Badala yake watu walisogea dirishani mwa gari kwa maswali. Penye jibu alijibu, pasipo na jibu alisema, "Hilo bado." Fundi viatu mmoja akamwambia, "Leo ndiyo umesema na sisi."

Jioni alimkuta mwanawe amelala fofofo, ananukia sabuni. Mkwewe alikuwa akianika taulo, beseni bado liko chini ya bomba.

Majibu ya bondeni yalipotoka mazuri, dada alikuja nayo mbio, viatu mkononi. Kengele akawasha kipaza sauti: "Bondeni! Maji yenu yamepimwa, ni salama..." Hakumaliza. Milango ilifunguka, ndoo zikagongana, mama mmoja akapiga vigelegele. Kengele aliegemea usukani akacheka mpaka machozi yakamtoka.