Ufa Nyuma ya Jikoni na Ile Pi ya Baba

Ilianza Jumapili saa kumi na nusu jioni, mvua ilipokatika. Mama alienda kuchuma sukuma wiki nyuma ya jikoni, tukasikia akituita kwa sauti ambayo sikuijua. Shamba lilikuwa limepasuka. Ufa ulitoka kwa jirani, ukakata mahindi yetu katikati, ukaelekea nyumba. Nilitupa jiwe ndani. Sikulisikia likifika.

Baba alitazama, mikono mfukoni. "Hautafika kwa nyumba," akasema.

"Baba, maliza sentensi," kaka yangu akamwambia.

Likizo iliyopita kaka yangu, ambaye yuko Form Four na anapenda hesabu kuliko chakula, alitunga lugha yake mwenyewe. Katika lugha hiyo huwezi kusema jambo bila kuonyesha una hakika kiasi gani. Ukiwa na hakika kabisa, unamaliza na pa. Ikiwa haiwezekani, pu. Nusu kwa nusu ni pi. Tulimfundisha Baba mezani akaipenda, lakini kwake kila kitu kilikuwa pa. "Chai ni tamu, pa! Kesho jua litawaka, pa!" Mimi huogopa kukosea, kwa hivyo nilisema pi kila mara, mpaka kaka akanibandika jina. "Miss Pi, umeshiba ama hujashiba?"

Sasa niliingoja ile pa ya Baba. Niliitaka sana. Akaangalia ufa, akaangalia nyumba aliyoijenga chumba kimoja kimoja, kisha akasema polepole, "Hautafika. Pi."

Nilirudi nyuma, mbali na ufa.

"Basi tulale tu," akaendelea. "Nusu si kitu. Tuhame watu watucheke?"

Mimi sibishani na wakubwa. Hata darasani nikiulizwa swali najibu nikiangalia viatu. Lakini nilijisikia nikisema, "Baba, hiyo pi ni kubwa. Ukiniambia mchuzi una sumu, pi, nitakula?"

Mama hakungoja jibu. Alienda kukunja blanketi. Tulilala kanisani kwa mabenchi, na kila ngurumo nilishika mkono wake.

Asubuhi nilirudi na Baba na kaka. Nyumba ilikuwa imesimama. Ufa ulikuwa umefika kwa kamba ya nguo. Nguzo moja ilikuwa imetumbukia, na shati langu la shule lilining'inia juu ya shimo.

"Ona sasa, Miss Pi," kaka akasema, "ungelala kwa kitanda chako."

Baba hakucheka. Aliniuliza mimi, "Na leo?"

Nilitamani kumpa pa ya kumtuliza. Sikuwa nayo.

"Pi," nikasema, nikaingia ndani kutoa sufuria za kupeleka kanisani.