Ngozi ya Mbuzi na Fundi wa Viti

Mwuza nyama wa Njoro alidhani namtania.

"Unataka ngozi peke yake? Nyama hutaki?"

"Ngozi tu. Na tafadhali usiitie chumvi."

Akawageukia wateja wengine, akasema, "Huyu ni wa yunivasiti," na hapo wote wakaelewa. Akanifungia ngozi kwenye gazeti.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fizikia. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha nyuzi za kolajeni, zile zinazoipa ngozi nguvu, wakati ngozi yenyewe inavutwa. Nilinyoa manyoya, nikakata vipande vyembamba, nikavibana huku na huku kwenye kimashine nilichokiunda kwa mota ya printa iliyokufa. Kwenye hadubini niliweka vichujio viwili vya mwanga, hivi kwamba kila kitu kilikuwa giza isipokuwa nyuzi.

Shida ni kwamba vipande vilikuwa vikichomoka. Mota ikianza tu, pwap! ngozi iko kwenye meza. Na vile vilivyokubali kushika havikusema jambo moja. Kimoja kilinyooka kama unga wa chapati uliokandwa, kingine kikakaza, na mbuzi ni yuleyule.

"Umebadilisha nini?" msimamizi wangu aliniuliza.

"Sijabadilisha kitu, daktari."

"Basi mbuzi ndiye aliyebadilika," akasema, akaenda zake darasani.

Wiki ya tatu nilienda Nakuru mjini kutafuta gundi. Nilielekezwa kwa fundi wa viti vya ngozi, mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha samawati, ambaye duka lake lilinuka ngozi tangu mlangoni.

"Gundi ya nini?" akauliza.

"Ya kushika ngozi mbichi ya mbuzi, mzee."

Akaweka mkasi chini. "Mbichi? Na gundi? Hapana, mama. Leta nione."

Bahati nzuri nilikuwa na vibano vya kimashine changu kwenye mkoba. Alivipitisha kidole gumba, akatikisa kichwa. "Chuma laini sana. Hii itashika nini?" Akakata vipande vinne vya msasa, akavibandika ndani ya vibano, upande wa kukwaruza ukitazama ngozi. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Na wewe unakata kufuata mgongo, ama kukatiza mgongo?"

Vitabuni nilikuwa nimesoma kwamba ngozi ina mwelekeo, hata nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Lakini mezani nilikata vile kisu kilivyopenda.

Mzee aliokota kipande sakafuni, akakivuta hivi, kikakataa. Akakigeuza, kikanyooka. "Kiti ukikata vibaya, mwaka moja tu imelegea kama tumbo yangu." Alicheka kabla yangu. Gundi alikataa kuniuzia.

Ngozi iliyofuata niliichora mstari wa uti wa mgongo kabla ya kugusa kisu. Vibano vilishika. Na nikaona. Nyuzi zilikuwa zimejikunja kama nywele zilizofumuliwa matuta. Mota ilipovuta, zilijinyoosha polepole, moja baada ya nyingine, zikang'aa. Kwenye kipande kilichokatwa kukatiza mgongo, nyingi zililala kando, zikalazimika kugeuka kwanza ndipo zikaze. Mbuzi hakuwa amebadilika, ni mimi niliyekuwa nikibadilisha mkato. Nilipiga kelele mpaka mhudumu wa maabara akaja mbio akidhani nimeungua.

Jumamosi moja mzee alikuja kuona, yeye na mkewe na mkebe wa bhajia. Aliinama kwenye hadubini, nami nikawasha mota.

"Vuta tena," akasema.

Nilivuta mara tano.

"Maisha yote unakata ngozi," mkewe akasema, "leo ndiyo unaiona! Haya, songa, na mimi nione."

Bhajia tulikula nje kwenye nyasi, kwa kuwa chakula ni marufuku maabarani. Mzee alikuwa akifinya ngozi ya mkono wake, akiiachilia, akiitazama ikirudi taratibu.

"Hii yangu imechoka," akaniambia, bila huzuni yoyote.

Tasnifu yangu ilipita, na kwenye ukurasa wa shukrani nilimweka mara tu baada ya wazazi wangu. Nilimpelekea nakala dukani. Ukurasa huo hakuushughulikia sana. Alitafuta picha, akaacha kitabu wazi juu ya meza ya kukatia, na mteja aliyekuja kuulizia kochi akalazimika kwanza kuonyeshwa ngozi ya mbuzi.