Picha Ambazo Baba Hakuziona

Siku yangu ya kwanza chuoni, mkufunzi wa historia ya sanaa alituonyesha mchoro wa samaki kwenye sahani, akatuambia tuutazame kwa dakika kumi bila kuandika. Mimi niliandika. Niliogopa kusahau. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa vitabu chakavu vya shule nilivyonunua mpakani, upande wa Zambia, na kila neno la mkufunzi nililiona kama mtihani.

Mchana mkufunzi wa fasihi ya Kiingereza alitupa shairi la mistari minane, tukakaa nalo saa nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka mitatu: asubuhi kutazama, mchana kusoma. Kwenye sanaa tulijifunza uelezaji, yaani kumwonyesha picha kwa maneno mtu asiyekuwa nayo mbele yake. Kwenye fasihi ulikuwa usomaji wa karibu: kung'ang'ania sentensi moja mpaka ikuambie ilichoficha. Nawaeleza ninyi mnaojaza fomu za chuo sasa, maana mtaulizwa masomo hayo yana faida gani. Baba hakuniuliza.

Baba alikuwa mchora mabango ya maduka, Tunduma hadi Vwawa. Tasnifu yangu, yaani utafiti wa mwisho, ilihusu mabango yake: michoro yake na Kiingereza chake. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imeshamshika, na daktari alikuwa amemwambia asitegemee nafuu.

"Mama, nitumie hata nusu," aliniambia kwenye simu. "Niione wakati bado naona."

"Bado, baba. Sura ya tatu haijakaa sawa."

"Mimi bango lenye kasoro nilikuwa napeleka hivyohivyo. Mwenye duka anataka kufungua."

Msimamizi wangu wa utafiti hakuwa na maneno mengi. "Sura hii ulinipa mwezi uliopita. Umebadilisha nini?"

"Alama za mikato, mwalimu."

"Basi wasilisha."

Sikuwasilisha. Nilikwenda kwa Mkuu wa Idara kuomba muhula mmoja zaidi, akanipa, nikafurahi.

Nilipofika nyumbani na nakala yenye jalada gumu, baba alikuwa haoni tena. Alilipapasa jalada, akasema, "Nisomee." Nikawa nasoma huku natafsiri. Kila nilipofika kwenye picha ya bango nilisimama, nikaanza uelezaji ule ulionipa alama za juu.

"Simba wa gereji ya matairi ametazama kulia, manyoya yake rangi ya tofali..."

"Yule ni mbwa."

"Mbwa, baba?"

"Mteja alitaka simba. Simba mimi nimemwona wapi? Nilichora mbwa wa jirani, nikamwongezea nywele."

Akacheka sana. Nilikuwa nimeandika kurasa nne kuhusu fahari ya simba yule. Nikamwambia nitarekebisha.

"Utamrekebishia nani? Endelea."

Chuo kimekwisha, ajira sijapata, naandika kama mstaafu mwenye miaka ishirini na sita. Mnaoanza, nina moja tu la kuwaambia: anayesubiri kazi yenu mpeni ikiwa mbichi. Mimi najua muhula ule ulikwenda wapi. Ulikwenda kwenye mikato.

Tulipofika picha ya mwisho, nilivuta pumzi nianze kueleza. Baba akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hii usinieleze," alisema. "Niione mwenyewe."

Alikipitisha kiganja taratibu, juu mpaka chini, kisha akarudia. Karatasi ya picha ni laini kote. Mkono haupati kitu.