Nyanya Ametuonyesha Jikoni Yake Ndani ya Bwawa

Leo sijui tena sisi ni watu wa wapi.

Nilimtoa nyanya nyumbani kwake Sugoi, tukaenda ziara ya historia kando ya bwawa.
Mwongozaji akatuambia kabla ya maji hapa palikuwa msitu tu, hakuna mtu aliishi.

Nyanya akanyoosha mkono katikati ya maji.
"Jikoni yangu ilikuwa pale. Baba yako alizaliwa hapo."

Mwongozaji akamuuliza polepole, "Mama, una uhakika?"
"Si ni mimi nilimzaa."

Watu wakamzunguka kumuuliza maswali. Mimi nikajitoa kando.

Nikampigia baba, nikamwambia tuko bwawani na nyanya. Akauliza, "Kwani bado analia akiyaona hayo maji?"