Wimbo Aliomnyima Ogweno

Odeta ni jirani yangu hapa Pasiansi na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Simsifii bure: ni mwanamke mgumu. Anauza samaki wa kukaanga, na ukimwomba apunguze bei anakuuliza kama na Mungu unamwomba apunguze amri. Tunacheka, tunalipa.

Mvuvi Ogweno alipojinyonga baada ya kuugua muda mrefu, Odeta ndiye aliyesimama akasema kwaya ya jumuiya haitamwimbia. "Uhai haukuwa wake," alisema. Mimi mwanakwaya niliudhika sana, lakini nani angebishana na Odeta? Ogweno akazikwa kimya kimya. Tangu hapo mjane wake, Ayoo, akimwona Odeta huvuka barabara wasikutane.

Kisha Yeremia, mume wa Odeta, akapata saratani ya tezi dume. Ilipofika kwenye mifupa, hospitali ikamrudisha nyumbani na chupa ya mofini, dawa ya maumivu, anywe kidogo kidogo kwa kipimo. Jumuiya ikahamia kwao kusali.

Jumamosi moja katekista Nkwabi alituuliza tunasemaje kuhusu habari aliyoisikia redioni, kwamba ziko nchi ambako sheria inamruhusu daktari kumsaidia mgonjwa afe.

"Ng'ombe akivunjika mguu tunamchinja kwa huruma," alisema fundi Alexander. "Mtu je?"

"Mtu si ng'ombe," Nkwabi alijibu. "Huko ni kuua tu."

"Hapa kwetu wakiruhusu," akadakia mama mmoja, "ndugu watamuwahi mgonjwa kabla hajasema shamba ni la nani."

Watu wakacheka. Odeta alikuwa anakunja shuka. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi na Yeremia alisikia yote.

Walipoondoka, nilibaki kuosha vikombe. Nikamsikia Yeremia akiita.

"Mama Precious."

"Abee."

"Nipe chupa yote."

"Siwezi, Baba Precious."

"Mifupa inawaka. Basi iache hapa karibu, nitakunywa mwenyewe."

Yeremia akapumzika, halafu akauliza, "Nikinywa, mtaniimbia?"

Nilisimama na kikombe mkononi. Jibu lilijulikana Pasiansi nzima, na aliyelitoa ni mke wake. Nikamsikia Odeta analia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata tulipomzika mama yake, na roho iliniuma.

"Nitakuimbia," alisema. "Wote wakikataa, nitakuimbia peke yangu. Lakini chupa sikupi. Ni dhambi, na mimi siwezi kukuua."

"Basi imba sasa, ningali nasikia."

Akampimia dawa yake, akamnywesha, akaanza kuimba. Sauti ilimkatika katikati ya ubeti. Niliingia nikamsaidia.

Jumapili baada ya misa alituambia wanakwaya tumfuate. Tulidhani tunakwenda kwake, kumbe anatupeleka kwa Ayoo. Alipiga hodi. Ayoo alitoka akasimama mlangoni, hakusema karibu.

"Bado nasema ni dhambi," Odeta alimwambia. Hata kuomba radhi anaomba kwa ubishi, mwanamke huyu. "Lakini wimbo nao haukuwa wangu, na nikamnyima Ogweno. Nisamehe, mama."

"Umechelewa," alisema Ayoo.

"Najua."

Tuliimba pale pale uani, juani. Ayoo alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. Tulipomaliza alimgeukia Odeta.

"Mzee amekuomba?" aliuliza.

Odeta aliitikia kwa kichwa.

"Ogweno naye aliniomba. Nikakataa, kama wewe." Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Akangoja niende sokoni."

Odeta alikaa chini mavumbini na gauni lake la kanisani. Ayoo akamshika mkono, akamwinua.

"Kesho nitakuja kukaa naye," alisema, "wewe ukauze samaki."