Mlango wa Balbina Ulikuwa Namawala

Watu wa mtaa wa Viwanja Sitini wamemcheka Balbina miaka mingi kwa sababu ya mlango wake. Kila msimu wa mpunga anaung'oa, anaziba nafasi yake kwa tofali za udongo, kisha anaupakia kwenye trela la pawatila na kwenda nao shambani kwake Namawala, ukawe kitanda chake kwenye dungu la kulindia ndege. Mlango wa kwanza wezi walimwibia akiwa shambani. Huu wa pili, husema, anayeutaka aje auchomoe chini ya mgongo wake.

Mwaka huu aliporudi na magunia yake alikuta tangazo limebandikwa kwenye tofali: nyumba itapigwa mnada. Theodori, aliyemkopesha mbolea, alikuwa amemshtaki, na kwa kuwa mdaiwa hakutokea, akapewa hukumu ya upande mmoja. Na deni lenyewe Balbina alishalilipa kwa mpunga, mchana kweupe, mbele ya mashahidi! Nyumba aliyoijenga kwa jasho lake iuzwe bila yeye kuulizwa hata neno? Hakulia. Alibandua tangazo, akaenda mahakamani kuomba hukumu itenguliwe, kwani samansi ya kumwita kwenye kesi hakuwahi kuiona.

Siku ya kusikilizwa, Salvatory, mpeleka samansi, alikula kiapo bila kupepesa macho.

"Mheshimiwa, nilifika kwake mwezi wa nne. Nikagonga mlango, mama huyu akafungua, akapokea samansi, akakataa kusaini."

"Uligonga mlango?" hakimu akauliza.

"Kwa mkono huu, mheshimiwa."

Balbina akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Kweli njia ya mwongo ni fupi.

"Mheshimiwa, mwezi wa nne mlango huo nilikuwa nimeulalia Namawala. Mwenyekiti wa mtaa yuko hapo nje, aulizwe."

Mwenyekiti, bingwa wa kumtania, aliapa kwamba msimu mzima nyumba ile haiingiliki bila kubomoa tofali. Salvatory akaanza kukagua viatu vyake.

Hukumu ikatenguliwa, mnada ukasimamishwa. Kesi ianze upya, akasema hakimu, na mdaiwa aitwe kama sheria inavyotaka.

Siku chache baadaye Salvatory alikuja na samansi mpya. Safari hii mlango ulikuwepo, akaugonga taratibu.

"Hodi."

Balbina alimwona dirishani, akaendelea kupepeta mchele.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ongeza sauti mwanangu, majirani hawajasikia."

Salvatory akapaza sauti, mtaa mzima ukageuka. Ndipo Balbina akajifuta mikono, akafungua, akaomba kalamu.